Ndege Kuukuu ya Mbao: Niliyoyakuta Ndani Baada ya Kuivua Kitambaa

Tangu niweke ile picha kwenye kikundi cha familia, simu yangu haijatulia. Picha yenyewe ni ya kiunzi cha mbao, mbavu nje, kimejaa gereji yangu hapa Wisconsin, Marekani. Shangazi yangu wa Kibokoni aliuliza kama nimeanza kuunda mashua. Mtoto wa ndugu yangu aliyeko Malindi, yeye alitambua mara moja kuwa ni ndege, akauliza suala moja tu: "Ami, utanipakia lini?"

Jibu, mwanangu, ni kwamba sitakupakia, kwa sababu ndege hii ina kiti kimoja. Lakini kwa kuwa wengi mmeuliza imetoka wapi, na kama ni halali mtu kuunda ndege nyumbani, na mbona gurudumu la tatu liko nyuma, nimeona niandike mara moja kuliko kujibu ujumbe mmoja mmoja usiku wa manane.

Ndege hii yaitwa Fly Baby. Aliyeibuni ni Peter Bowers, mhandisi wa kampuni ya Boeing kule Seattle. Mwaka 1962 ilishinda shindano la chama cha wapenda ndege za kuunda nyumbani, EAA, lililotafuta ndege ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiunda kwa vifaa vya kawaida. Ni mbao, plaiwudi, kitambaa na nyaya. Mabawa hukunjwa nyuma yakalala ubavuni, ukaivuta hadi nyumbani ukaitia gereji. Nyaya za chuma zinayashika mabawa juu na chini, kama kamba zinavyoushika mlingoti. Zimeundwa mamia, kila moja na mkono wa aliyeiunda. Hii yangu iliundwa miaka ya 1970 na mtu ambaye sikumuwahi, ikapita kwa wamiliki wengine kabla ya kunifikia. Miaka ya mwisho ilikuwa imelala tu ndani ya banda la shamba.

Na ni halali. Sheria ya Marekani yasema mtu akiunda ndege mwenyewe kwa kujifunza au kujiburudisha, na kazi yake ikawa zaidi ya nusu, ndege hiyo hupewa cheti cha daraja la majaribio. Haiwezi kufanya kazi ya kubeba abiria kwa malipo. Aliyeiunda hupewa ruhusa ya kuikagua yeye mwenyewe kila mwaka. Mimi niliyeinunua sina ruhusa hiyo. Naweza kuitengeneza kwa mikono yangu, hata kuibadilisha, lakini kila miezi 12 lazima fundi mwenye leseni aikague na atie saini kwamba iko salama kuruka. Kwa wa nyumbani wanaotamani: kila nchi ina kanuni zake, kwa hivyo anzeni kwa KCAA kabla hamjanunua hata ubao mmoja.

Sasa nije kwenye gurudumu la nyuma, kwa maana hapo ndipo penye kisa.

Mtu wa Voi au aliyewahi kuzunguka Tsavo amekwisha kuziona zile ndege ndogo za KWS, Super Cub. Zikiwa chini zimeinua pua juu, magurudumu mawili makubwa mbele na kigurudumu mkiani. Muundo huo ni mwepesi, wafaa viwanja vya nyasi, na propela hukaa mbali na mawe. Ubaya wake ni mmoja. Uzito wa ndege uko nyuma ya magurudumu makubwa. Mwenye kujua mkokoteni ataelewa. Ukiuvuta, wakufuata. Ukiusukuma kwa kasi, ukapinda kidogo tu, uzito wote wataka kukupita kando, na kadiri ulivyopinda ndivyo unavyozidi kupinda. Ndege ya mkia ikitua huwa ni mkokoteni unaosukumwa. Rubani asipoikamata mapema kwa miguu yake, mkia huja mbele, ndege ikazunguka kama pia, na bawa la upande wa nje likapiga ardhi. Ndiyo maana hapa huruhusiwi kuirusha peke yako mpaka mwalimu akufunze na kukuandikia kitabuni. Mimi ilinichukua saa nane katika Cub ya kukodi, na mwalimu wangu, mzee mpole kabisa, alinipigia kelele mara mbili.

Nilipoinunua, nilikuwa na haraka. Kwa nje ilikuwa nzuri, rangi yang'aa, injini ya Continental ya nguvu farasi 65 yazunguka kwa mkono bila kukwama. Nilidhani nitabadilisha matairi, nitie mafuta, niruke msimu huohuo. Rafiki yangu mmoja fundi, ambaye ndiye atakayetia saini, aliniambia nisiguse kitu mpaka tuipime. Niliona ananichelewesha.

Kupima ndege si jambo gumu. Waiinua mkia mpaka ikae sawa kama iko angani, waweka mizani chini ya kila gurudumu, wasoma. Kitabu cha ndege kilisema ikiwa tupu ina kilo 279. Mizani ilisema 297. Kilo 18 zimetoka wapi? Rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi, na rangi ina uzito mwingi kuliko mtu anavyofikiri. Lakini rangi haikutosha kueleza mizani ya mkiani, iliyosoma kilo 25. Tukafungua nyuma ya kiti. Palikuwa na betri ndani ya sanduku la chuma, pamoja kilo 8, imewekwa na mtu aliyetaka redio na taa. Hakuiandika popote.

Nitafanya hesabu hapa, kwa kuwa ndiyo inayoamua mambo. Kutoka ekseli ya magurudumu makubwa hadi gurudumu la mkia ni mita 4.2. Zidisha kilo 25 kwa mita 4.2, wapata 105. Gawanya kwa kilo 297 za ndege yote: sentimita 35. Hapo ndipo uzito unapolingana, sentimita 35 nyuma ya ekseli. Sasa toa betri, iliyokuwa mita 1.9 nyuma: 105 kutoa 15.2, gawanya kwa 289, wapata sentimita 31. Tofauti ni sentimita nne. Mtu atacheka, nne ni nini? Lakini katika ndege ndogo nafasi yote ya uzito kwenda mbele na nyuma ni kama shubiri moja, na rubani mwenyewe bado hajaketi, naye huketi nyuma ya ekseli. Uzito ukirudi nyuma kupita kiasi, usukani huwa mwepesi mno mkononi, na ndege ikipoteza mwendo ikaanza kuanguka kwa kuzunguka, huenda isikubali tena kunyooka. Na chini, ule mkokoteni tuliousema huwa na hasira zaidi.

Betri nikaitoa siku hiyohiyo. Injini yenyewe haiihitaji, kwa sababu cheche zake hutoka kwenye magineto zinazozungushwa na injini, na huwashwa kwa kuizungusha propela kwa mkono, magurudumu yamezuiwa kwa vigingi na mkia umefungwa kamba. Redio ninayo ya mkononi.

Baada ya mizani sikuwa na imani tena na kitabu. Kama mtu ameficha betri, ameficha nini kingine? Kitambaa kilikuwa bado kigumu, kingeweza kukaa miaka kadhaa, na wawili watatu uwanjani waliniambia nisikivue, ni kazi ya bure. Nilikivua.

Ndani nilikuta viota vya nyigu vya udongo, na kwenye mkia kiota cha panya. Mkojo wa panya huozesha mbao na kula chuma, kwa hivyo hapo plaiwudi ilibadilishwa. Gundi ilikuwa ile nyeusi-nyekundu ya resosino, nayo ilikuwa imara. Ndege za kale zaidi ziligundishwa kwa gundi ya maziwa, ambayo ikipata unyevu huliwa na kuvu. Vitundu vya kutoa maji chini ya bawa la kulia vilikuwa vimezibwa na rangi, lakini bahati maji hayakukaa. Mbao hupimwa kama fundi wa vyombo apimavyo: gonga usikie, choma kwa ncha ya msumari, nusa. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi, nami nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumshikia taa akikagua mataruma. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ubao polepole sana, mpaka mimi nasinzia.

Nilifanya hivyo kwenye boriti ya mbele ya bawa la kushoto. Kila bawa lina boriti mbili za mspruzi zinazobeba mzigo wote. Juu ya boriti, pale kiraka cha plaiwudi kinapokomea, kidole kilihisi kitu kama unywele. Nikaleta taa, nikaiweka ubavuni ili mwanga upite juujuu. Mstari mwembamba sana ulikatiza nyuzi za mbao badala ya kufuatana nazo.

Ufa unaofuata nyuzi waonekana upesi. Huu unaokatiza ni wa mbao iliyobanwa mpaka nyuzi zikakunjana zenyewe. Hutokea bawa linapopiga ardhi. Ubao huo ukiutazama ni mzima, wabeba uzito wake, hata ukiutikisa hausemi kitu. Siku utakapokata kona angani na mzigo ukaongezeka maradufu, hapo ndipo utakapokatika, na bawa limekwenda. Nikarudi kwenye kile kitambaa nilichokivua, nikakuta kiraka kilichoshonwa vizuri sana kwenye ncha ya bawa hilohilo. Ndege hii iliwahi kuzunguka ikapiga bawa chini, mtu akatengeneza nguo akaacha mfupa. Kitabuni hakuna neno. Na mimi nilitaka kuruka msimu ule.

Usiku huo sikumwambia mke wangu. Nilimwambia baada ya siku tatu, naye alinyamaza kisha akauliza boriti mpya ni pesa ngapi.

Boriti iliyopata ufa wa namna hiyo haiungwi kiraka, hutolewa. Mbao ya spruzi ya kuundia ndege lazima nyuzi zake zinyooke: kwa kila inchi 15 za urefu zisiteleze kando zaidi ya inchi moja. Ubao mmoja mzuri nilisubiri wiki tisa. Nimeuranda, nimeutoboa kwa kufuata ule wa zamani, na mbavu zimegundishwa kwa epoksi. Kila siku ya gundi naacha vipande viwili vya taka vikiwa vimegundishwa pamoja, kesho yake navivunja. Pakivunjika mbao, gundi ni nzuri. Pakiachana gundi, kazi ya jana yote yarudiwa. Imenitokea mara moja, siku ya baridi kali.

Kitambaa cha sasa ni cha poliesta. Huvishwa kikiwa kimelegea, kisha hupigwa pasi ya kawaida ya nyumbani iliyopimwa joto, kikajivuta mpaka kikalia kama ngoma. Pasi ikizidi joto, kitambaa huregea na hakikazi tena. Halafu hushonwa kwenye kila ubavu kwa sindano ndefu na uzi uliotiwa nta, fundo baada ya fundo. Shangazi hakukosea sana kuuliza kuhusu mashua, maana Lamu walishona mitepe kwa kamba za makumbi. Rangi safari hii ni tabaka chache tu.

Mabadiliko niliyoyakubali ni matatu. Mikanda ya mabegani, kwa sababu ilikuwa na mkanda wa kiunoni peke yake. Breki za diski badala ya zile za zamani zilizokuwa jina tu, ingawa breki kali kwenye ndege ya mkia zaweza kuipigisha pua chini, kwa hivyo mguu wahitaji adabu. Na gurudumu la mkia linalogeuka pamoja na usukani. Gurudumu hilo ni zito kuliko la kwanza kwa kilo moja, na kilo moja kule mkiani ni mita 4.2 kamili, nusu ya ile ya ndugu betri aliyoiharibu hata haifiki, lakini imeandikwa. Watu wameniambia nitie injini kubwa yenye stata. Sitaki. Uzito mpya mbele wataka uzito mwingine nyuma, boriti zile zile zibebe vyote, na badiliko kubwa namna hiyo laipeleka ndege kuanza tena kipindi cha majaribio.

Bawa la kulia limekwisha kushonwa. La kushoto liko mezani bado halijavikwa, nimemwomba fundi aje alitazame kabla sijalifunika, na nimepiga picha kila kiungo na kuandika tarehe. Mwanangu wa Malindi, viza ikikubali uje kiangazi, kiti hakuna lakini pasi ipo, na siku ya kupima tena nahitaji mtu wa kusoma mizani ya mkiani.