Kinda Aliye Peke Yake si Lazima Awe Yatima

Katika vinamasi vya mto Sio, mpakani mwa Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, huishi korongo mwenye taji, ndege ambaye sura yake imo katika bendera ya Uganda. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani. Vinamasi vyake hulimwa, na mayai na makinda yake huchukuliwa. Wako wanaomchukua ili wamwuze, na wako wanaomchukua kwa huruma tu.

Yafaa ifahamike kwamba kinda wa korongo huondoka kiotani muda mfupi baada ya kuanguliwa, hali hajui kuruka. Wazazi wamwonapo mtu husogea mbali, naye kinda hujilaza kimya majanini. Mtoto amkutaye hudhani ameachwa, akamleta nyumbani au kambini. Huko hulishwa mkate na maziwa, vyakula visivyomfaa. Hata akiishi, hukua akiwafuata watu badala ya korongo wenziwe.

Basi, akina mama na akina baba, wafundisheni watoto dalili za kweli za shida: bawa linaloning'inia, damu, kidonda chenye nzi, mnyama ashindwaye kusimama, au mama yake aliyelala amekufa kando yake. Pasipo dalili hizo, mwacheni na kumtazama kwa mbali.

Iko dalili nyingine ya kuogopwa zaidi. Bweha au nguchiro aingiaye uani mchana bila hofu, akipepesuka na kutokwa na mate, huenda ana kichaa cha mbwa. Asiguswe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Dalili za ugonjwa huu zikisha kumtokea mtu, ni nadra sana kupona. Mzoga nao usiliwe: mwaka 2004 kimeta kiliua viboko zaidi ya 200 katika mbuga ya Queen Elizabeth, Uganda.

Ndege au mnyama mdogo aliyejeruhiwa afunikwe kwa kitambaa, awekwe katika boksi lenye matundu, mahali penye giza na utulivu, bila kulishwa. Mnyama mkubwa asisogelewe. Kisha wapewe habari maofisa wa wanyamapori: upande wa Uganda ni Mamlaka ya Wanyamapori, na upande wa Kenya ni KWS. Kituo cha Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 1952, hupokea wanyama yatima na waliojeruhiwa.

Askari wa mpakani akumbuke kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2013 na ya Uganda ya mwaka 2019 hazimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali. Sheria hiyo humhusu pia yeye mwenyewe na jamaa zake walioko kambini.