Petro Wawili, Marealle Watatu

Anayesoma siasa za Uchaggani za miaka ya 1940 na 1950 hukutana na Petro wawili, na asipokuwa mwangalifu atampa mmoja kazi ya mwenzake. Petro Itosi Marealle alikuwa Mangi (chifu) wa Marangu, na tangu 1946 Mwitori wa Vunjo, yaani mmoja wa wamangi watatu waliowekwa juu ya Hai, Vunjo na Rombo. Ndiye pia mwandishi wa Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Petro Njau wa Old Moshi hakuwa mangi. Aliongoza Kilimanjaro Chagga Citizens Union, chama cha wananchi waliochoshwa na madaraka ya Waitori. Waingereza nao wana William Pitt wawili, wote mawaziri wakuu, lakini hao ni baba na mwana, hivyo kusema Mkubwa na Mdogo kunatosha. Petro wetu hawatenganishwi na umri bali na upande waliosimama, na anayewachanganya huwapa watawala sifa za harakati zilizowapinga.

Wapo watakaosema dawa ni jina la ukoo. Haitoshi. Wachagga walipopiga kura ya Mangi Mkuu mwaka 1951, Thomas Marealle aliwashinda Waitori wote watatu, akiwemo Petro Itosi, ndugu wa baba yake; na waliompigia debe walikuwa Petro Njau na chama chake. Ukiandika kwamba Marealle alishinda, umeficha kwamba Marealle mwingine alishindwa siku hiyohiyo.

Namba ndiyo inayopotosha zaidi. Thomas alijiandika T.L.M. Marealle II, wa kwanza akiwa babu yake, Mangi wa Marangu na mshirika wa Wajerumani, ambaye wengi Uchaggani humhusisha na kunyongwa kwa Mangi Meli na wenzake Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Najua jibu litakalotolewa: Mchagga kubeba jina la babu mzaa baba ni heshima ya kawaida, na namba haimdhuru mtu. Jina, sawa. Lakini namba ya watawala huhesabu waliokalia kiti kimoja. Elizabeth wa Pili hakuwa mzao wa Elizabeth wa Kwanza, ila walirithi kiti kilekile. Kwa Thomas mambo yamegeuka: damu ni moja, kiti ni kingine. Babu alitawala Marangu. Mjukuu alisimikwa mwaka 1952 kwenye cheo kipya cha Wachagga wote, alichopewa kwa kura. Ile II humfanya msomaji aone urithi mahali palipokuwa na uchaguzi, kisha ashindwe kuelewa mwaka 1960, Wachagga walipoulizwa kama wabaki na Mangi Mkuu au wawe na rais wa kuchaguliwa. Walitaka rais, wakamchagua mwalimu Solomon Eliufoo.