Majina ya Dawa za Kisukari na za Rovu

Mtu wa Unguja akiambiwa kuwa fulani "ana sukari", haulizi ni kilo ngapi. Anafahamu mara moja kwamba yanatajwa maradhi. Katika mazungumzo ya barazani neno hilo halina taabu, wala hatukusudii kumsahihisha yeyote anayelitumia Darajani au Malindi. Lakini mwalimu wa uuguzi na mfasiri wa maandiko ya tiba wana haja nyingine. Sentensi isemayo "mgonjwa wa sukari apewe sukari" yaweza kuwa sahihi kabisa kitabibu, na bado ikamtia mwanafunzi katika shaka. Kiambishi ki- kimekwisha kutusaidia: sukari ni kitu kilichomo katika damu, kisukari ni maradhi. Taabu iliyobaki imo katika dawa.

Desturi ya Kiswahili ni kuitaja dawa kwa maradhi yake: dawa ya homa, dawa ya kikohozi, dawa ya minyoo. Kwa dawa zinazohusu homoni desturi hii haitoshi. Tuchukue vidonge viwili ambavyo vyote huitwa "dawa ya kisukari". Glibenklamidi huichochea kongosho itoe insulini zaidi. Mgonjwa akiimeza kisha asile, sukari yaweza kushuka mno, akatoka jasho, akatetemeka, hata akapotewa na fahamu. Metformini hasa hulipunguza ini katika kutoa sukari, na ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta hatari hiyo. Sasa unapokaribia mwezi wa Ramadhani, mgonjwa anauliza kama aweza kufunga huku akitumia "dawa ya kisukari". Muuguzi hawezi kumjibu, wala kumpeleka swali lake daktari, kabla ya kujua ni kidonge kipi.

Rovu linatuonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Shingo yaweza kuvimba ilhali tezi yake inatoa homoni kidogo, na yaweza kuvimba ilhali inatoa kupita kiasi. Levothiroksini hujazia homoni iliyopungua. Kabimazoli huizuia tezi isiitengeneze kwa wingi. Zote mbili zikiandikwa "dawa ya rovu", tumezipa jina moja dawa zinazokwenda kinyume.

Kwa hiyo tunaona kwamba istilahi za makundi ziundwe kutokana na kazi: dawa za kuchochea kongosho, dawa za kujazia homoni, dawa za kuzuia homoni. Ni ndefu, tunakubali, na wapenda neno moja hawatafurahi. Ila msomaji huzielewa bila ya kamusi. Majina ya dawa zenyewe yatoholewe tu, na katika karatasi ya mgonjwa yaandikwe pia kama yalivyo kwenye kasha, ili macho yalinganishe.

Wako wanaopenda kuita homoni "kichocheo". Neno ni zuri, lakini hapa linatufunga mikono: kongosho inayochochewa na dawa itakuwa inatoa kichocheo, na dawa yenyewe nayo ni kichocheo. Tubaki na homoni. Insulini nayo haihitaji jina jingine. Tangu ilipopatikana Toronto mwaka 1921 imesafiri na jina hilo, ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa, kwa sababu ya vile visiwa vidogo vya chembe ndani ya kongosho vinavyoitwa kwa jina la Langerhans. Sisi wa visiwani hatuna sababu ya kulikataa.

Kipimo cha insulini kinataka uangalifu wa pekee. Baadhi ya wafasiri huandika "vipimo 10", hali ya kuwa kipimo ni pia uchunguzi wa damu, na ni pia kiasi cha dawa kwa mara moja. Kizio ni neno sahihi la vitabuni. Wodini linalojulikana ni yuniti. Lolote litakalochaguliwa liandikwe kamili. Herufi U iliyobanwa na tarakimu husomeka kama sifuri, na 4 ikawa 40. Katika insulini ya kawaida ya siku hizi mililita moja ina yuniti 100. Basi atakayechanganya yuniti na mililita hatakosea kwa kidogo.

Limebaki suala la saa, ambalo wafasiri wengi hulipita bila ya kulitazama. Maelezo ya kigeni yakitaja saa 8 ya asubuhi, kwetu hiyo ni saa 2. Mfasiri akiiacha tarakimu kama ilivyo, sindano iliyokusudiwa kabla ya chai ya asubuhi itachomwa baada ya adhuhuri. Vilevile "usiku wa Ijumaa" kwa wazee wa Mji Mkongwe ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, na kwa kijana aliyesoma skuli huenda ukawa ule unaoufuata. Katika karatasi ya dawa iandikwe "Alkhamisi baada ya magharibi", au "Ijumaa baada ya magharibi".