Charles Carroll: Sonko wa tumbaku aliyeomoka na chuma, kisha akaingia kwa reli akiwa na miaka 90

Umewahi kujiuliza masonko wa kwanza wa Marekani walitoa wapi doo za kujenga viwanda na reli? Basi mcheki Charles Carroll wa Carrollton, kule Maryland.

Jamaa alizaliwa Annapolis mwaka wa 1737, na hakuanzia chini. Mbuyu wake alikuwa na mashamba makubwa ya tumbaku yaliyolimwa na watumwa. Lakini tumbaku inachosha udongo, na bei ilipangiwa ng'ambo, Uingereza. Ndiyo maana mwaka wa 1731 mzee alijiunga na wenzake wanne wakaanzisha kampuni ya chuma ya Baltimore, kila mmoja na fungu lake moja kati ya matano. Kijana akalirithi.

Sasa usidhani hiyo ilikuwa kazi ya mashine. Tanuri lililishwa mawe yenye chuma na makaa, na makaa ni miti: unakata msitu, unachoma, unabeba, kesho unaanza upya. Carroll hakushika shoka. Walioshika ni watumwa, pamoja na wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza. Chuma kikauzwa, mgao ukaingia kwa mfuko wa tajiri.

Familia hiyo ilikuwa ya Wakatoliki, na Maryland ya wakati huo iliwanyima kura na vyeo. Pesa walikuwa nazo, sauti hawana. Mwaka wa 1776 Carroll akatia saini Azimio la Uhuru, Mkatoliki pekee kati ya watu 56.

Hapa ndipo mimi namnyima alama. Mwaka wa 1797 alipeleka mswada wa kumaliza utumwa polepole katika seneti ya Maryland. Ulipoangushwa, yeye aliendelea kumiliki mamia ya watu. Si angeanza na wake?

Badala yake doo ziliendelea kutafuta pa kuzaa. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa 1825, biashara ikakimbilia New York na matajiri wa Baltimore wakaingiwa na baridi. Jibu lao likawa reli ya Baltimore na Ohio. Tarehe 4 Julai 1828, Carroll, miaka 90, alizindua ujenzi wa jiwe la kwanza. Alikuwa pia mmoja wa wakurugenzi wa kwanza. Reli ilipofika Ellicott's Mills mwaka wa 1830, karibu na shamba lake la Doughoregan, mabehewa yalikuwa bado yanavutwa na farasi!

Alifariki 1832 akiwa na miaka 95, wa mwisho kati ya wale 56. Daraja la mawe la reli lililopewa jina lake, Carrollton, lilikamilika 1829, na treni bado zinapita juu yake.