Bushi za gari: kabla hujamwambia ndugu yako anakula hela

Mwenzetu mmoja anayefanya kazi za ndani hapa Muscat alitusikilizisha ujumbe wa sauti wa kaka yake, anayemwendeshea Noah ya abiria kule Tanga. Gari inagonga mbele, fundi kasema bushi, dada tuma hela. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwaka. Ya kwanza alituma bila neno, ya pili alinung'unika. Hii ya tatu akaacha kupokea simu, akatuambia, "Huyu ananila mimi."

Nasi tungemwambia hivyo hivyo, kama si Ijumaa moja tuliyoimaliza chini ya gari yetu wenyewe.

Tuko watatu chumba kimoja, saiti moja, na tuna gari kuukuu tuliyochangishana. Ikaanza kugonga ko-ko kila ikipanda tuta, ukikanyaga breki inavuta kushoto, na tairi ya mbele inalika upande wa ndani. Gereji walitaja bei ambayo mmoja wetu alishaihesabia ada ya mtoto. Basi tukaamua kufanya wenyewe. Tuseme ukweli lakini: mmoja wetu aliwahi kuwa msaidizi wa fundi. Kama kwenu hakuna aliyewahi kushika spana, msianzie hapa. Na kuna magari ambayo mkono wa chini hautoki mpaka fremu ya mbele ishushwe. Hayo mwachieni fundi.

Bushi ni kibomba cha chuma ndani ya kibomba kikubwa zaidi, katikati yake mpira ulioshikana na vyote viwili. Inakaa pale mkono wa gurudumu unapofungwa kwenye fremu. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira ule hauzunguki, unajisokota tu kidogo na kurudi. Joto, umri na mafuta yanayovuja kutoka kwenye injini ndivyo vinavyoumaliza. Ukitaka kujua, ingiza mtalimbo kati ya mkono na fremu, usukume taratibu. Mkono ukicheza na mpira ukawa umeachana na chuma, imekwisha. Vinyufa vya juu juu peke yake visikutoe hela.

Tulianza alfajiri, jua halijawa kali, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, baada ya kumwomba mwenye nyumba. Kwanza tukachukua tepu ya kupimia, tukapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, tukaandika ukutani kwa penseli kama tulivyozoea saiti. Kipimo hicho kikumbukeni. Tukaziba tairi za nyuma, tukalegeza nati za gurudumu gari ikiwa bado chini, ndipo tukaweka jeki. Na hapa hatuna mzaha: jeki ni ya kuinulia, gari ikae juu ya stendi za chuma. Tofali hapana! Sisi watu wa ujenzi tunajua tofali linavyopasuka bila kuaga.

Nati tulizipulizia dawa ya kutu tangu usiku. Tukaachanisha boli jointi, tukatoa bolti, mkono ukatoka. Kabla ya kutoa bushi tulipiga picha na kuweka alama, kwa sababu nyingine zina nafasi wazi ndani ya mpira na lazima zielekee kule kule zilikokuwa. Hatukutumia nyundo. Tulichukua bolti ndefu, washa nene na soketi mbili, ndogo ya kusukuma na kubwa ya kupokea, tukakaza pole pole mpaka ya zamani ikatoka, kisha tukaingiza mpya kwa njia ile ile. Saa nzima ya jasho kwa kila moja. Msipake grisi ya kawaida, inauvimbisha mpira. Maji ya sabuni yanatosha.

Wakati wa kurudisha mkono ndipo yule msaidizi wa zamani alipotushika mikono. Bolti za bushi zikazwe kidogo tu kwanza. Gari ikiwa bado kwenye stendi, tukaweka jeki chini ya mkono, tukauinua mpaka kile kipimo cha ukutani kikarudi, ndipo tukakaza kwa nguvu zote. Maana ukikaza gurudumu linaning'inia, mpira unashikwa katika hali ile ya kuning'inia. Ukishusha gari, unasokoteka kabla hata hujaenda popote, na kila tuta linauongezea. Mpira wa namna hiyo unachanika mapema mno.

Kesho yake tulilipia alaimenti. Hiyo msiiruke, la sivyo tairi mpya nayo italika.

Tuliposhuka kutoka alaimenti tukampigia yule dada. Tukamwambia asiulize habari za hela, aulize jambo moja: fundi anakaza bolti gari ikiwa wapi? Akakubali kwa shingo upande, akampigia kwa video mbele yetu. Kaka akashangaa. "Juu ya jeki, magurudumu hewani. Kwani kuna pengine?"

Kisha akavuta mfuko wa plastiki kutoka chini ya kiti cha dereva. Ndani mlikuwa na bushi zote zilizotolewa. Zile za awali zimekauka kwa uzee. Zile alizotumiwa hela mwaka huu, chuma bado kinang'aa, mpira umechanika kwa mzunguko. Alikuwa anazitunza amwoneshe dada yake siku atakapopokea simu.

Dada alinyamaza kidogo. Akasema, "Nisamehe, kaka." Halafu akaomba namba ya duka la vipuri, akalipia bushi za pande zote mbili moja kwa moja dukani, na siku ya kufunga alibaki kwenye video mpaka fundi alipoweka jeki chini ya mkono na kukaza bolti ya mwisho.