Puli za kamu: kabla hujalipia rangi

Katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, puli za kamu zinazorekebishika huuzwa kwanza kwa rangi zake: nyekundu, buluu, zambarau. Wenye Subaru na Corolla za zamani wanazipenda, na muuzaji hakosi kusema kwamba zinaongeza nguvu. Ukweli ni kwamba puli haiongezi nguvu yoyote. Inachofanya ni kukuwezesha kuchagua valvu zifunguke na kufunga lini, na kama taiming ya injini yako iko sawa tayari, huenda huna cha kuchagua.

Kamshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenkishafti. Puli ya kiwandani ni kipande kimoja, kwa hiyo ukitaka kuisogeza huna budi kurusha jino zima la mkanda. Kwa puli yenye meno 40, jino moja ni digrii 9 za kamu, yaani digrii 18 za krenki. Hapo injini itakosa nguvu na kutetemeka, na kwa injini kama EJ20 ya Subaru au 4G63 ya Mitsubishi, taiming ikiruka vya kutosha valvu hugonga pistoni. Puli inayorekebishika ina vipande viwili: pete ya nje yenye meno, na kitovu kinachofungwa kwenye kamu. Unalegeza bolti, unasogeza digrii moja au mbili, kisha unakaza.

Ukiitanguliza kamu ya hewa, valvu hufunga mapema na silinda hubaki na hewa zaidi injini ikiwa chini, tuseme kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Ukiichelewesha, nguvu huhamia juu na gari huwa zito kuondoka. Ukitanguliza kamu ya hewa huku ukichelewesha ya moshi, unarefusha muda ambao valvu za pande zote mbili ziko wazi kwa pamoja. Injini ya mbio isiyo na tabo inaweza kufaidika na hilo ikiwa juu, lakini itakohoa ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwenye injini ya tabo, moshi wenye shinikizo unaweza kurudi ndani ya silinda.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na tabo huikosa hewa hiyo, na hakuna puli itakayoirudisha. Ila kwa gari linaloshinda kwenye msongamano wa Ngong Road au kupanda Waiyaki Way kuelekea Limuru, kutanguliza kamu ya hewa digrii mbili tatu kunaweza kulipa wepesi kule chini, linakofanya kazi muda mwingi. Gharama yake ni nguvu kidogo karibu na mstari mwekundu.

Sababu nzito zaidi ya kununua puli hizi ni hedi iliyochongwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotimiza zaidi ya miaka 8, kwa hiyo injini nyingi za mkanda za miaka ya 1990 zimekaa nchini muda mrefu. Nyingine zimechemsha na kuunguza gasketi, hedi ikapelekwa kuchongwa. Kwenye injini ya silinda za mstari mmoja, hedi ikishuka, mkanda huirudisha kamu nyuma. Kwa puli ya meno 40 yaliyoachana milimita 8, kila nusu milimita iliyochongwa huchelewesha kamu kwa zaidi kidogo ya digrii moja ya krenki. Hedi iliyochongwa mara mbili au tatu hubadilisha tabia ya gari, na mwenyewe akadhani injini imezeeka. Hapa puli hurudisha taiming ya kiwandani. Vilevile, ukifunga kamu za mbio zenye karatasi ya vipimo, bila puli hizi huwezi kuzipanga sawasawa.

Kwa injini zenye VVT-i au AVCS, yaani mifumo ya taiming inayobadilika, kamu inayosogezwa na kompyuta iache. Hata 4A-GE ya Toyota yenye valvu 20 ina VVT upande wa hewa. Cha kurekebisha ni kamu ya moshi peke yake, kama nayo haisogezwi na kompyuta.

Sasa shika puli mkononi pale kaunta. Fungua bolti moja utazame hesi: ziwe kwenye chuma kilichopachikwa, kwa sababu hesi za alumini tupu huliwa baada ya kukazwa mara chache. Bolti tano au sita ni bora kuliko tatu. Alama za digrii ziwe zimechongwa, na karatasi iseme ni digrii za kamu au za krenki. Linganisha meno na mkanda wako kwa macho: ya mviringo na ya pembe hayachanganywi. Kwenye EJ nyingi zisizo na AVCS, sensa ya kamu husoma vinundu vilivyo nyuma ya puli ya kushoto. Puli isiyo navyo haikufai. Mwisho, uliza kama alumini imetiwa gamba gumu au rangi tu. Wapo wanaovua kifuniko cha mkanda ili puli zionekane, na vumbi la Kawangware na Dagoretti likiingia pale hufanya kazi ya msasa.

Ufungaji si wa kubahatisha. Fundi aweke gurudumu la digrii kwenye krenki, apime nafasi kati ya valvu na pistoni, kisha azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa ufunguo. Mafundi wengi wa mbio hawakubali nafasi iliyo chini ya milimita 1.5 upande wa hewa na 2 upande wa moshi. Bolti zikazwe kwa spana ya toki na gundi ya hesi, na kila badiliko lipimwe kwenye dino. Fundi anayetaka kupanga kwa kusikiliza sauti, mshukuru na uondoke.

Kama hedi yako haijachongwa, kamu ni za kiwandani na gari ni la kwenda kazini Westlands na kurudi Kikuyu, usinunue puli hizi. Pesa hiyo inunue mkanda mpya, tensha na pampu ya maji. Hivyo vikifeli, puli ya rangi yoyote haitaokoa valvu zako.