FEDHA ZA NYUMBA ZIGEUZWAPO KUWA FEDHA ZA MSIBA

Mtu aliyeweka akiba ya kuezekea nyumba yake, kisha mvua ikamwangushia ukuta, hana budi kuitoa akiba ile ajenge ukuta kwanza. Hapana amlaumuye. Lakini ikiwa akiba ni ya watu wengi, yafaa kuuliza: ni nani aliyekuwa akingojea paa, naye atangoja hata lini? Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jambo hili kwa mfano wa nchi ya Marekani.

Mwaka 1974 Bunge la nchi hiyo lilitunga Sheria ya Nyumba na Maendeleo ya Jamii. Kwa sheria hiyo Serikali Kuu huigawia miji na majimbo fungu la fedha, nao wenyeji huchagua kazi zao: kutengeneza nyumba mbovu, kuleta maji, kujenga barabara na kadhalika. Kila kazi sharti itimize moja la makusudi matatu, yaani kuwafaa watu wenye pato dogo au la kadiri, kuondoa uchakavu wa mitaa, au kutimiza haja ya ghafula iletayo hatari. Tena kanuni yataka katika kila dola 100, zisizopungua 70 ziwafae watu wa pato dogo na la kadiri. Msiba ukiwa mkubwa, Bunge huongeza fedha nyingine kwa njia ya fungu hilo hilo, na pengine hulegeza kanuni zake.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya tufani iitwayo Katrina, iliyopiga pwani ya kusini tarehe 29 Agosti 2005 na kuua watu zaidi ya elfu moja. Miezi minne baadaye Bunge lilitoa dola bilioni 11.5 kwa majimbo matano, na ile kanuni ya 70 ikashushwa kuwa 50, ili kazi iende upesi.

Jimbo la Mississippi liliwasaidia kwanza wenye nyumba waliokuwa na bima. Maskini wengi ambao nyumba zao zilibomolewa na upepo, wala si maji, hawakupata kitu. Kisha mwaka 2008 jimbo likaruhusiwa kuhamisha dola zipatazo milioni 600 za nyumba, zikatumike kupanua bandari ya Gulfport. Gavana alisema bandari italeta kazi, na neno hilo si la kudharauliwa. Lakini mtu asiye na paa halali bandarini. Watetezi wa maskini walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 wakapatana na Serikali kwamba dola zipatazo milioni 132 zitengwe kwa nyumba za watu hao. Walikuwa wamengoja miaka mitano.

Wahenga walisema, kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kweli, kanuni ikilegezwa mwenye kugawa hupumua. Lakini mwenye mzigo hukuta pakacha jepesi. Hatusemi fedha zisigeuzwe, maana msiba haungoji. Twasema zigeuzwapo, watu waambiwe waziwazi zimetoka wapi, na nyumba zilizoachwa ziandikwe katika daftari, ili zamu yao isisahauliwe.